Meno ya Lado

Jumapili, 6 Oktoba

Mjomba Bustamar kaleta mtoto wa mbwa leo. Kamleta kwenye kikapu nyuma ya pikipiki, juu kimefungwa wavu, pua tu ndo inachungulia. Katoka kisiwa cha Java kwa lori, na Mjomba anasema ukoo wake wote ni wauaji wa nguruwe mwitu, hawa wanaotuharibia mashamba. Jina kampa Lado, yaani pilipili. Mkewe Mjomba kakataa mbwa wa tatu uwanjani kwake, na kwetu nyumba ni ya wanawake, mwanamume kwa mkewe ni mgeni, hana la kusema. Basi kaja kwa mama yake.

Mama yake ndo Bibi yangu, na nyumba ni ya Bibi. Alisimama juu ya ngazi, hakushuka.

"Akae chini ya nyumba, kati ya nguzo," kasema. "Ngazi asipande hata moja. Humu watu wanaswali."

"Mpaka windo kubwa la Disemba tu, Mama."

"Na nani atamwangalia?"

Wote wakanigeukia. Mimi sijibu haraka, na mtu asiyejibu haraka watu huona keshakubali.

Pikipiki ya Mjomba haijawaka, Lado keshaniuma kidole gumba, kisigino, na kashika pindo la saruni ya Bibi aliyeshuka kidogo kumtazama. Hakuuma kwa hasira. Mkia ulikuwa unacheza. Lakini meno yale ni sindano tupu. Bibi akapiga ukelele, Dada Des akaja mbio na ndoo ya maji, mwanawe Zizi akaja na ndoo ya udongo anaiburuta. Kila palipopata mate pakaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Maji yakatiririka mpaka barabarani.

Dada Des ndo kaniambia niandike. "Yondri, maneno unayoyameza yatakuvimbisha tumbo. Yateme kwenye karatasi." Shule niliachia darasa la tano, mwandiko wangu kama kuku kapita kwenye tope. Haya, nimetema.

Jumatatu, 7 Oktoba

Kauma. Tumeosha. Kauma tena. Udongo wa ndoo umeisha, nimechota mwingine ukingoni mwa shamba la mpunga.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Kala kandambili zote za mguu wa kushoto. Za kulia kazinusa tu akaziacha. Nimewaza siku nzima kwa nini.

Jumapili, 13 Oktoba

Mjomba kapitia hapa akitoka mawindoni, matope mpaka shingoni, kwenye nguo zake zile za mbwa ambazo mkewe hazifui na zake. Kachuchumaa chini ya nyumba, kampiga Lado vikofi vya mashavuni, kamsukuma, kamngurumia. Lado kapandwa na wazimu. Kaning'inia kwenye mkono wa Mjomba kama samaki kwenye ndoana, na Mjomba anacheka.

"Unaona, Yondri? Akiuma usimzuie. Meno ndo shule yake. Ukimzuia leo, Disemba atamwona nguruwe atamwambia shikamoo."

Nikacheka. Mjomba ndo mtu pekee anayenitania bila kunifanya nijione mdogo. Mikono yake imejaa makovu, mengine ya zamani meupe, mengine bado mekundu. Nilidhani yote ni ya nguruwe.

Baadaye nimempeleka Lado mpaka kibanda cha kahawa. Wawindaji walikuwa wamekaa na kahawa yao ya majani ya mbuni kwenye vifuu vya nazi, na yeyote aliyenyoosha kidole Lado kamuuma. Mzee Nasrul kafurahi sana. "Huyu akikua atamuuma hata mkuu wa wilaya." Mwingine kasema, "Aanze na mama mkwe wangu, asisubiri kukua." Kila mtu akaenda kisimani na udongo wake, wanacheka.

Nyumbani hakuna anayecheka. Bibi kabadili saruni mara nyingi leo mpaka kavaa ile ya harusini.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mvua. Nimejaribu kupaka pilipili mikononi, kama alivyosema Mzee Nasrul. Lado kalamba yote, kaomba zaidi. Mbwa aliyekulia mabaki ya jikoni kwetu, pilipili kwake ni chumvi. Mimi nikajisahau nikafikicha jicho.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimejaribu kulia kama mtoto wa mbwa aliyeumizwa. Niliwahi kuona watoto wa mbwa wa Mjomba wakicheza: mmoja akiuma sana, mwenzake analia, mchezo unakatika. Basi Lado kaniuma, nikalia. Kashangaa kidogo, kichwa upande. Halafu kaniuma tena, nadhani ili asikie ile sauti. Jirani kauliza juu ya ua kama niko salama.

Alhamisi, 24 Oktoba

Leo mambo yameharibika.

Zizi karudi kutoka shule ya awali, kapita chini ya nyumba na mkate mkononi. Mimi nilikuwa nafunga kuni, mgongo umegeuka. Nikasikia kicheko cha Zizi, halafu kicheko kikageuka. Nilipofika, Lado keshamshika kiganja, na Zizi anakivuta, na kadiri anavyovuta ndivyo yule anavyozidi kushika, mkia unacheza. Nikamfungua taya. Damu ilikuwa kidogo, mistari miwili chini ya kidole gumba. Lakini damu ya mtoto haina kidogo.

Zahanati muuguzi kaosha kidonda kwa sabuni na maji ya bomba muda mrefu sana, kauliza kama mbwa kachanjwa. Nikasema ndiyo, mtu wa mifugo alikuja wiki ya kwanza. Hakuridhika na neno langu, kampigia mwenyewe. Halafu kamdunga Zizi sindano hata hivyo, na kurudi tena anatakiwa. Kule bonde la chini mwaka jana mtu alikufa kwa kichaa cha mbwa, na watu hawajasahau.

Jioni Dada Des hakusema nami. Afadhali angenitukana. Bibi kamwita Mjomba kwa simu, mimi nimesimama pale pale.

"Bustamar. Damu nyingine ikitoka humu, ya mtu yeyote, namwita yule wa pikapu. Sisubiri Disemba."

Yule wa pikapu hupita Jumapili kwenye uwanja wa mawindo, ananunua mbwa wasiotakiwa. Nyuma ana vizimba vya chuma. Hakuna anayeuliza anawapeleka wapi kwa sababu kila mtu anajua wanapikwa.

Simu ilikuwa na sauti kubwa, nikamsikia Mjomba. Kasema, "Sawa, Mama. Wako wengi Java." Kasema kirahisi vile, kama mtu anayezungumzia miche ya pilipili.

Nimeshuka chini nikakaa na Lado. Kanitafuna kamba ya suruali mpaka kalala. Mbwa huyu mimi sikumwomba. Lakini sasa nataka akae, na sijui kutaka huku kumeingia lini.

Jumamosi, 26 Oktoba

Kamba ndefu, na mimi siondoki. Zizi haruhusiwi kushuka bila mkono wa mtu mkubwa. Yeye mwenyewe anataka kushuka. Kaniambia kidonda chake kina sura ya mdudu.

Ijumaa, 1 Novemba

Nimegundua jambo. Nilidhani akikimbia sana atachoka aache kuuma. Nikawa namkimbiza ukingoni mwa mashamba mpaka ulimi unagusa nyasi. Jioni anauma maradufu, macho mekundu kama Zizi asipolala mchana. Leo mvua ilikuwa kubwa, hatukwenda popote, kalala mchana kutwa kwenye gunia. Jioni kaamka kanilamba tu.

Kumbe na yeye ni mtoto. Kila mchana sasa namfunikia kona yake gunia, na watu wapite kimya.

Jumanne, 5 Novemba

Kumbi la nazi linamfaa kuliko mkono. Akija na mdomo wazi nampa kumbi. Nyuzi zinaingia kati ya meno, anazishughulikia kama fundi. Chini ya nyumba kumekuwa kama godoro lililopasuka.

Lakini Bibi, Lado bado anamuuma. Wengine sasa tunaumwa kidogo, Bibi anaumwa sana. Kwa nini Bibi? Hamchezi, hampigi vikofi, hana hata harufu ya nyama. Akishuka tu ngazi ya mwisho, yule anaruka pindo la saruni.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa tangu asubuhi, nimeshika jani la mgomba kama mtu anayekata kamba, lakini sikati kitu. Namtazama Lado tu.

Bibi kashuka kwenda kuanua. Lado kamwendea, kashika pindo. Bibi: "Yaa Allah, Des! Des, maji!" Na hapo sikumtazama Bibi wala pindo. Nilimtazama Lado. Alipolisikia jina la Des aliachia pindo mwenyewe, akageuka, akakimbia mpaka kwenye ndoo ya udongo chini ya ngazi. Akakaa. Masikio juu. Anangoja.

Dada Des kaja mbio. Maji yakamwagwa, Lado akayaruka. Udongo ukasuguliwa, Lado akachimba pembeni yake, matope yakaruka, Zizi juu ya ngazi akapiga makofi, Bibi akapunga saruni kumfukuza, Lado akaidaka. Mara saba. Kila mara maji, kila mara mbio. Nyumba nzima imekusanyika kwa ajili yake. Halafu ikaisha, wote wakapanda juu, na yeye akabaki peke yake kati ya nguzo, anatazama ngazi.

Nikasimama na jani langu la mgomba.

Haumi saruni. Anagonga mlango. Akigusa mtu na jino, watu wanashuka, maji yanaruka, tope linaruka, ngoma inapigwa. Sisi tunajitwaharisha, yeye anadhani ni mchezo wake na kwamba sisi tunaupenda kuliko yeye. Na Bibi anaumwa sana kwa sababu Bibi ndo anayefanya sherehe kubwa zaidi. Tumemfundisha wenyewe, kwa ndoo.

Swali ni nani wa kumwambia Bibi.

Jumapili, 10 Novemba

Sikumwambia.

Jumatatu, 11 Novemba

Sikumwambia. Nilifika mpaka mlango wa jiko.

Jumanne, 12 Novemba

Nilimwambia Dada Des, yeye ndo kamwambia Bibi, mimi nikiwa nyuma ya mlango. Bibi kaniita.

"Toka huko. Kwa hiyo mbwa ananiuma kwa sababu naoga?"

"Si kuoga, Bibi. Kelele. Na maji mbele yake."

"Ulitaka nifanyeje?"

Nikatazama sakafu. Nikasema akishikwa asipige kelele, asivute nguo, asimtazame. Asimame kama nguzo. Akiachia, apande juu polepole, akaoshe nyuma ya nyumba, Lado asione.

Bibi kafunua sufuria ya wali, kaifunika tena.

"Unataka nisimame nimevaa najisi kama bangili."

"Kidogo tu, Bibi."

"Najisi haina haraka," kasema, kama anajisemea. "Swala ndo ina wakati wake. Mbali na wakati wa swala, najisi inaweza kusubiri." Kafunga saruni yake kuukuu. "Haya. Nionyeshe nisimame wapi."

Nilikuwa na hakika angenifukuza. Miaka yote nimeishi kwenye nyumba hii nikimwogopa, na sijawahi kujua kwamba ukimpa Bibi jambo la kulijaribu anakuwa kama msichana.

Lado kashika pindo. Bibi kasimama. Macho yake mbali, kwenye mlima, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Lado kavuta. Kamwangalia. Kakimbilia ndoo ya udongo, kakaa, kangoja. Hakuna aliyekuja. Karudi, kavuta kwa nguvu zaidi, sauti ya kitambaa kinachanika nikaisikia. Bibi hakutikisika. Mwisho kaachia, kalala chali, kapiga mwayo.

Bibi kapanda ngazi polepole, mgongo umenyooka. Nyuma ya nyumba ndo nikamsikia anacheka peke yake, maji yanamwagika.

Ijumaa, 15 Novemba

Mbaya zaidi kuliko mwanzo. Anavuta, anabweka, anauma nguzo. Bibi kasema, "Muuzaji akiona wateja wamepungua ndo anapaza sauti. Ngoja." Siku hizi yeye ndo ananiambia mimi ningoje.

Jumatano, 20 Novemba

Kamshika Bibi mara moja tu, akaachia mwenyewe. Bibi alipomaliza kuosha kashuka tena na kumbi la nazi, kalitupa mbele yake bila kusema kitu. Kisha kanikuta nimeona. "Lilikuwa njiani," kasema.

Jumapili, 24 Novemba

Mjomba kaja. Vikofi vya mashavuni, kusukumana, miguno. Mikono mitupu. Lado kaning'inia.

Niliona lakini sikusema. Nilikwenda kufunga kuni zilizokwisha kufungwa.

Jumanne, 26 Novemba

Siku mbili hizi kauma kama Oktoba. Kamchana Dada Des soksi. Hakuna damu, lakini karibu.

Bibi kaniuliza, "Nini kimebadilika?" Nikanyanyua mabega. "Kila baada ya Jumapili, eh?" kasema. Kumbe na yeye alikuwa anahesabu.

"Wewe umwambie mjomba wako," kasema.

"Bibi, wewe ndo mama yake."

"Mimi nikimwambia, atanyamaza kwa heshima na hatasikia. Akiambiwa na mtu anayemlisha mbwa, labda."

Jumamosi, 30 Novemba

Kesho windo kubwa. Lado katulia tangu juzi, anatafuna kumbi, analala mchana. Leo Zizi kashuka na mkono wa mama yake, kasimama kama nguzo, kwa maana naye tumemfundisha. Lado kamnusa kiganja kile kile, kafungua mdomo, kaufunga, kaenda kuleta kumbi lake. Dada Des kanishika bega.

Mjomba kaja jioni kumtazama. Kachuchumaa, kanyoosha mikono, kampiga vikofi. Lado kaweka meno juu ya ngozi, hakubana, kaachia. Kakaa. Mjomba kamsukuma. Kaenda kuchukua kumbi, kaliweka miguuni pa Mjomba.

Mjomba kasimama polepole. "Mmenifanyia nini mbwa wangu? Huyu mwanamwali. Anakaribia kuniletea chai." Hakuwa anatania. "Kesho yule wa pikapu atakuwepo. Nitachukua mwingine Java, nimlee mwenyewe."

Kashika kamba. Bibi alikuwa kakaa ngazi ya chini anachambua maharage, na njia ya kutokea ni mbele ya miguu yake. Hakunyanyua kichwa wala hakusogea. Mjomba kasimama na kamba mkononi. Mtu mzima wa ukoo, watu wanamwamkia sokoni, na hawezi kuruka miguu ya mama yake.

"Mama, nipishe."

"Nimeosha saruni hii usiku na mchana kwa ajili ya mbwa huyo," kasema Bibi. "Yondri ana neno."

Sikuwa na neno. Lakini wote walinitazama kama siku ile alipoletwa, na safari hii nikaona nikinyamaza nitakuwa nimekubali.

"Mjomba," nikasema, "umempima kwa mkono. Mkono si nguruwe. Mpime kesho porini. Akimkimbia nguruwe, mpe yule wa pikapu. Mimi mwenyewe nitampandisha kizimbani."

Maneno ya mwisho sikuyapanga. Yalipotoka nikatamani kuyarudisha.

Mjomba kanitazama kama kaona kuku kazungumza. Kadondosha kamba. "Kesho," kasema.

Jumapili, 1 Disemba

Mvua ilikatika asubuhi, milima yote inafuka mvuke. Sijawahi kuona mbwa wengi hivi, kila mmoja na mtu wake na kamba yake, bonde zima linalia. Pikapu ilikuwa chini ya mianzi. Vizimba viwili vilishajaa.

Lado ni mdogo, hafunguliwi. Kazi yake ilikuwa kutazama tu, na yangu kumshika. Mjomba kasimama pembeni yangu na mbwa wake wawili wakubwa.

Kelele zilianzia juu, kwenye migomba. Nguruwe katoka mbio, mweusi, mkubwa kuliko nilivyodhani, kapita karibu kiasi cha kumsikia anavyopumua. Mbwa wakafunguliwa kwa mamia. Wale ambao hawajafunguliwa bado wakarukwa na akili. Mbwa mkubwa wa Mjomba, kamba ilipokwama, kageuka kamuuma mkono aliyemshika, Mjomba mwenyewe, kwa nguvu zote, kwa sababu mkono ndo ulikuwa karibu. Mjomba hakushangaa hata. Kamfungua kwa mkono wa pili, damu inatiririka. Ndo nikaelewa yale makovu.

Na Lado. Lado kasimama kwa miguu ya nyuma, manyoya yote juu, anabweka sauti sijawahi kuisikia kwake, nene, anavuta mpaka viganja vyangu vikachunika. Hakumkimbia nguruwe. Alitaka kumla. Nami nikavuta kamba, akageuka kwa ghadhabu, akadaka kifundo cha mkono wangu. Chote kikawa ndani ya mdomo.

Nikasimama kama nguzo. Sijui hata kama niliamua.

Nilihisi jino moja moja. Halafu akaachia, akageuka, akaendelea kumbwekea nguruwe.

Niliponyanyua macho Mjomba alikuwa ananitazama, kitambaa kakizungushia mkono wake. Kanishika kifundo, kakigeuza juu chini. Mate tu. Ngozi nzima.

Yule wa pikapu kaja na kamba yake begani. "Bustamar, ndo huyu uliyesema?"

"Nenda," kasema Mjomba.

"Ulisema..."

"Nimesema nenda, bwana. Mbwa ana kazi."

Tukakaa kwenye nyasi zilizolowa, Lado katikati, bado anatetemeka kwa hamu. Mjomba kautazama mkono wake, kisha wangu. Aliponiuliza, hakuwa na utani sautini, na sikuwahi kumsikia akiniuliza kitu ambacho yeye hakijui.

"Mlimfanya nini?"

"Hatukufanya kitu, Mjomba," nikasema. "Tuliacha kufanya."

Kanitazama kama namzungusha. Kisha kasogea karibu, kainamisha kichwa ili anisikie kwenye zile kelele.

"Eleza taratibu," kasema. "Nina wale wengine wawili, nao wanauma."